Paka wangu wawili kila usiku ni vurugu, wanacheza au wanagombana?

Wakuu habarini. Niko Majengo hapa Moshi, nina dume la miaka 2 na kadogo ka miezi 5 nilikaokota pale Mbuyuni sokoni. Sasa ikifika saa tano usiku wanarukiana, wanaviringishana mpaka chini ya kabati, juzi wameangusha chupa ya chai ikapasuka, mkubwa anamkaba mwenzie shingo huku anampiga mateke ya nyuma, na kadogo kakiachiwa kanamfuata tena kenyewe! Niwatenganishe?

— Hao wanacheza mkuu. Wakicheza wanakuwa kimya kimya, kucha wamezificha, na wanapokezana, mara huyu chini mara yule. Ukisikia kunguruma, masikio yamelala nyuma, mkia umefura kama brashi ya chupa, hapo ni ugomvi.

— Ila usiingize mkono kuamua, mimi huku Sakina niling'atwa kidole kikavimba mpaka nikadungwa sindano. Piga makofi au watupie khanga.

— Dume umelihasi? Kama bado muone daktari wa mifugo, madume yasiyohasiwa ni wakorofi. Na kila mmoja bakuli lake, wangu walikuwa wanatoana roho kwa dagaa, nikaweka moja jikoni jingine barazani kelele zikaisha, siku hizi wanagombea kiti changu tu.

— Asanteni, halijahasiwa. Jana nimewachungulia, kweli kimya, halafu wakalala wamekumbatiana juu ya sweta langu na baridi hii ya mwezi wa 7. Ila chupa yangu ya chai nani analipa?