Mmepangusia mchuzi kisutu! Tena Tanga! Tena siku ya harusi!

BintiNgamiani (saa 5:48 usiku)

Wanajukwaa, salamu nitawapeni kesho, leo sina.

Kuna mtu hapa hakuiona? Ile tamthilia ya saa tatu. Mnaijua. Na anayeitengeneza mnamjua, sina haja ya kumtaja, jina lake linapita mwanzo mara tatu na mwisho mara nne mpaka muziki unachoka kumsubiri. Leo ilikuwa ile harusi waliyoipigia matangazo wiki mbili nzima, harusi ya Kitanga, mji wa mahaba, tukaambiwa tukae mkao wa kula. Tumekaa. Nimefunga duka saa mbili, nimepika mapema, mama yangu nimemwekea kiti cha mbele, na majirani wawili wamekuja na mkeka wao.

Ikaja hiyo harusi. Bi harusi yuko chumbani na somo wake, yule mama anayemfunda, na juu ya meza ya kioo pana sinia la biriani. Nani anakula biriani chumbani kwa mwali siku ya nikaha sijui, lakini hilo nikalimeza. Mchuzi ukamwagika. Yule somo akageuka, akatupa jicho kitandani, akakwapua KISUTU, ile kanga ya mwali. Kile chekundu, cheusi na cheupe, doti nzima hakijakatwa, bado kina dondo la dukani. Akapangusia mchuzi. Anazungusha mkono kama mtu anayefuta meza ya baa. Akimaliza akakidondosha, akakisukumia chini ya meza kwa mguu.

Kwa mguu, jamani!

Na kamera ikakifuata! Wangegeuza kamera ningesema bahati mbaya. Ikashuka nacho mpaka chini, ikakaa pale, kisutu kimelowa mafuta, mguu wa yule mama na kiatu chake cha dhahabu uko juu ya pindo.

Mama yangu ana miaka 71. Hakusema neno. Aliinuka akaingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Akarudi na kisutu chake alichofungwa mwaka 1974, hapa hapa Ngamiani. Wekundu umeshakuwa rangi ya tofali, pindo moja limeliwa na mende, kinanuka udi na dawa ya nondo. Akakiweka magotini akakishika kwa mikono miwili. Amekaa nacho hivyo mpaka tamthilia ikaisha, taarifa ya habari ikaingia, majirani wakakunja mkeka wao wakaaga kwa sauti ya chini kama wametoka msibani. Mimi rimoti ninayo mkononi na sikuweza hata kubadilisha stesheni.

Kanga nyingine ina jina lake. Unasoma maneno, unamwanikia jirani uani, akiamka asubuhi anakuta jibu lake linapepea. Kisutu cha asili hakina neno hata moja na hakina haja nalo. Ukikiona tu unajua nyumba hii ina mwali. Anafungwa akiwa ameshasingwa, ameshafukizwa, piko limekolea. Ndicho wamekifanya dekio!

Wanakuja Ijumaa na basi kutoka Dar, wanapiga picha za bahari pale Raskazoni, wanapiga kivuko cha Pangani, Jumapili wameshaondoka. Sisi ndio tuna msemo wa waja leo waondoka leo, lakini hawa wanaondoka kabla hawajafika. Wangemuuliza mama ntilie yeyote pale stendi, mmoja tu, mama samahani, hiki chekundu ni cha nini? Angewaambia bure, na chai angewapa.

Halafu Kiswahili walichompa yule mama! Kila neno linaburutwa mkia, jamaaaani, mwananguuuu, ndiyo wanadhani wanaongea Kitanga. Nchi hii ya kwetu imemtoa Shaaban Robert, 1909, Vibambani hapo Machui. Imetoa vikundi vya taarab, Black Star na Lucky Star, imemtoa Shakila wa Pangani, ukimsikiliza kila herufi inakaa mahali pake. Leo mtu wa Tanga akiwekwa kwenye runinga anaongea kama ana jino bovu, na kazi yake ni moja kati ya mbili, kumroga mtu au kumtoa mume wa mtu.

Lakini hayo ningevumilia. Nimeyavumilia miaka. Kile kiatu juu ya kisutu siwezi.

Wasimamizi, huu uzi msiuhamishe.

---

MkongeMbichi (saa 5:55 usiku)

Dada niliiona. Nilikuwa nakula, nikaacha kula. Mke wangu ni Mdigo, alipiga ukelele mtoto akaamka. Na mchuzi wenyewe ulikuwa wa njano kama rangi ya daladala, sijui ni biriani ya nchi gani hiyo.

---

Kidume_wa_Duga (saa 5:58 usiku)

Kwa hiyo watu hatulali kwa sababu ya kitambaa? Mimi nilifungua nikijua harusi ya mtu imevunjika.

---

BintiNgamiani (saa 6:01 usiku)

@Kidume_wa_Duga kitambaa ni hicho unachofungia pua ukipita sokoni. Kamuulize mama yako alifungwa nini siku anaolewa, kisha urudi hapa uandike tena kitambaa.

---

Kidume_wa_Duga (saa 6:02 usiku)

Mama yangu Mchaga.

---

Somo_Mstaafu (saa 6:10 usiku)

Mwanangu BintiNgamiani, nimewafunda wali kuanzia Chumbageni mpaka Muheza, na sijapata kuona somo mwenye viatu chumbani kwa mwali. Umesema kiatu cha dhahabu? Kisigino kirefu? Basi huyo si somo, huyo kapotea njia akiendea ukumbini. Mimi ningemtoa kwa sikio. Na hata hiyo hina waliyompaka yule binti ni kalamu, niliona inafutika alipojishika shavu.

---

MkongeMbichi (saa 6:13 usiku)

Hina ya kalamu! Bi mkubwa una macho.

---

Jahazi_la_Dunda (saa 6:20 usiku)

Nyie watu wa Tanga mnalia na kanga. Njooni Bagamoyo muone msiba. Mtu huyo huyo mnayemsema, msimu uliopita alikuja Kaole akaweka jini anatoka kwenye kaburi na moshi wa mashine. Kaole! Pale kuna magofu ya misikiti na makaburi ya waungwana, mpaka leo wapo wanaokwenda kusoma dua. Yeye kaleta droni inavuma kama nyuki na msichana wa wigi anakimbia kati ya makaburi anaita Rajabu, Rajabu.

Na hapa mji wetu una chuo cha sanaa tangu 1981, kimejaa walimu wanaojua ngoma, ushairi na mila za pwani. Kutoka Dar hakuna hata kilomita 75. Anakipita kwa gari akienda kupiga picha za majahazi, halafu anampa binamu yake nafasi ya mzee wa Kizaramo.

---

BintiNgamiani (saa 6:22 usiku)

@Jahazi_la_Dunda pole sana ndugu yangu, hilo la Kaole nililiona na liliniuma. Lakini kisutu kilisukumwa kwa mguu.

---

Jahazi_la_Dunda (saa 6:24 usiku)

Na makaburi yalikanyagwa kwa viatu, dada yangu. Tupime basi.

---

MkeWaBaharia (saa 6:31 usiku)

Mimi za hapa nyumbani niliacha zamani, naangalia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Na huko nako nimechoka! Sauti moja inamsemea baba, mjomba, daktari na hakimu. Juzi baba yuko mahakamani anajibizana na hakimu, nyumba nzima tukawa hatujui nani amefungwa. Na mzee wa miaka 80 kapewa sauti ya kijana anayetangaza mpira.

---

KandaMbovu (saa 6:36 usiku)

Sauti moja si tatizo, tatizo ni mwenye sauti. Mmesahau kanda za Lufufu? Mtu mmoja peke yake alikuwa anakusimulia picha nzima ya Wachina, steringi, adui, mama wa adui na mbwa, na ulikuwa unajua nani anaongea. Huku Makorora kibanda kilikuwa kinajaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya makuti. Lufufu angekutana na hiyo harusi yenu angeinyoosha kwa mdomo tu, angesema hicho kilichopangusia ni gunia, mkaamini.

---

BintiNgamiani (saa 6:38 usiku)

Siamini gunia mimi! Nimekiona! Chekundu, cheusi, cheupe!

---

Kidume_wa_Duga (saa 6:40 usiku)

Dada, wiki iliyopita ulifungua uzi kwamba huiangalii tena kwa sababu yule mgonjwa alilazwa na dripu imebandikwa juu ya shati. Mwezi uliopita ukasema huiangalii tena kwa sababu ya kaburi lililochimbwa kwa mapigo matatu ya jembe likaisha. Leo umefunga duka saa mbili.

---

BintiNgamiani (saa 6:43 usiku)

Nimefunga duka kwa sababu walisema ni harusi ya Tanga! Ya kwetu! Mara moja kwenye miaka yote hii wanatuonyesha bila mganga, nikae dukani nauza sabuni? Nilitaka mama yangu aone. Alikuwa ameshavaa miwani tangu magharibi.

---

Msambaa_Mweupe (saa 6:50 usiku)

Hili la mganga naomba nilisemee. Mimi natoka Lushoto, nafanya kazi Mwanza. Kila nikisema natoka Tanga watu wanarudisha nyuma viti. Mwenye nyumba wangu aliniuliza kwa upole kabisa kama nina "vitu" na kama vitalala ndani au nje. Kisa tamthilia. Sisi kule tuna kabichi, tuna matunda na baridi ya kutosha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kupiga picha ya mtu wa Tanga analima kabichi.

---

MkongeMbichi (saa 6:52 usiku)

Au anakata mkonge. Mkonge umeujenga mkoa huu, na kwenye runinga sijauona hata kama pazia.

---

Mzee_Majestic (saa 11:20 alfajiri)

Nimeamka kuswali nikakuta mmekesha. Vijana, kosa lenu ni kuangalia sinema mmelala kwenye kochi. Sisi tulikuwa tunakwenda Majestic hapa hapa Tanga, Jumapili, kanzu imepigwa pasi au suruali ya bwaga, mke kajifukiza. Picha ya Kihindi ikianza hakuna anayetia neno mpaka wimbo, na wimbo ukija ukumbi wote unaimba na hakuna anayejua Kihindi. Watu wanatoka macho mekundu. Siku hizi mnalia kwa hasira, sisi tulikuwa tunalia kwa picha.

---

KandaMbovu (saa 1:05 asubuhi)

Mzee shikamoo. Lakini na nyie mlikuwa mnakalishwa saa tatu nzima kwa hadithi moja, ndugu wawili waliopotezana utotoni.

---

Mzee_Majestic (saa 1:30 asubuhi)

Marahaba. Na walikuwa wanakutana mwisho! Nyie zenu zinaishia "itaendelea".

---

Fundi_Cherehani (saa 2:12 asubuhi)

Filamu za Bongo mimi niliziaga Aprili 2012 alipofariki Kanumba. Zikawa zimekwisha.

---

MkeWaBaharia (saa 2:20 asubuhi)

Kila uzi lazima aje mtu na Kanumba. Mwacheni apumzike. Wapo watoto wanafanya kazi nzuri sasa, hawapewi saa tatu, wanapewa saa saba usiku.

---

Fundi_Cherehani (saa 2:26 asubuhi)

Nitajie mmoja.

---

MkeWaBaharia (saa 2:27 asubuhi)

Huziangalii, nikikutajia utamjua?

---

BintiNgamiani (saa 3:40 asubuhi)

Nimerudi. Wanaonyesha marudio saa hii. Nimesema labda jana nilikuwa na hasira, labda ni kanga nyingine. Si nyingine. Ni kisutu, na mguu ni ule ule, na safari hii nimeona anakisukuma mara mbili.

---

Somo_Mstaafu (saa 3:52 asubuhi)

Mama yako yu hali gani mwanangu?

---

BintiNgamiani (saa 3:55 asubuhi)

Yuko uani, shangazi yangu. Kakianika kile chake juani, kakaa pembeni anakilinda na kuku.

---

Jahazi_la_Dunda (saa 4:10 asubuhi)

Nani ana kipande cha Kaole cha msimu uliopita? Namtafuta yule wa wigi, kuna mtu hapa Magomeni anabisha kwamba ilikuwa Pangani.

---

KandaMbovu (saa 4:14 asubuhi)

Ilikuwa Tongoni.

---

Jahazi_la_Dunda (saa 4:15 asubuhi)

Tongoni wapi! Kaole naijua kama kiganja changu, nimechunga mbuzi pale.

---

MkongeMbichi (saa 4:19 asubuhi)

Tongoni ina nguzo za makaburi. Kwenye picha nguzo ilikuwepo.

---

Jahazi_la_Dunda (saa 4:20 asubuhi)

Na Kaole zipo!

---

Fundi_Cherehani (saa 4:31 asubuhi)

Samahani wakuu, nje ya mada. Kisutu cha pamba tupu siku hizi kinapatikana duka gani hapa mjini? Vilivyojaa ni vile vya nailoni vinavyoteleza, mteja wangu ana harusi Ijumaa na hataki hivyo.

---

Kidume_wa_Duga (saa 4:33 asubuhi)

Duga umeme umekatika saa hii hii. Nani ana taarifa?

---

MkeWaBaharia (saa 4:34 asubuhi)

Chumbageni upo.

---

Kidume_wa_Duga (saa 4:34 asubuhi)

Nilikuwa naangalia marudio.