Naomba ushauri: mama kuongezewa mfupa wa taya la juu kabla ya kupandikizwa meno

Hamjambo wapendwa? Mama aling'olewa magego ya juu kitambo. Sasa daktari wa meno hapa Nairobi anasema mfupa uliobaki ni mwembamba mno kushika skrubu ya jino la kupandikiza. Lazima kwanza utando wa sainasi (uwazi wenye hewa ulio juu ya magego, kando ya pua) uinuliwe, unga wa mfupa ujazwe chini yake, kisha tusubiri miezi kadhaa ushikamane. Asipenge kamasi kwa muda, na akipiga chafya aachame. Hayo tumeelewa. Kinachonikosesha usingizi ni kisukari chake, maana vidonda vyake huchelewa kupona.

Mliofanyiwa, hasa wenye sukari, uvimbe ulikuwaje siku za kwanza? Mlikula nini? Mfupa ulikuwa wa ng'ombe au wenu wenyewe? Mama anauliza hilo kila siku, nami sitaki kumjibu kwa kubahatisha.