Steam Controller ya mtumba: trakipedi ya kulia inanisumbua, niinunue au nirudishe?

Igoma_Geji
Wakuu habari za jumapili. Nipo Mwanza huku Igoma, kuna jamaa huwa anashusha mitumba ya elektroniki, spika, monita na vikorokoro vya kila aina, sasa kwenye boksi lake nikakutana na Steam Controller, ile padi ya gemu ya Valve wenye duka la gemu za kompyuta la Steam, yenye viduara viwili vikubwa vya kugusa juu (ndo trakipedi), stiki ni moja tu ipo kushoto. Anataka laki na ishirini ila kanipa nikae nayo mpaka jumamosi niijaribu. Laptopu nimeichomeka kwenye TV sebuleni, nacheza Age of Empires II, gemu za kupiga risasi, na mpira na wadogo zangu wakija.

Shida ni kwamba kwenye risasi nimeshindwa kabisa kulenga. Nimeiweka trakipedi ya kulia iwe kama stiki ya kulia ya Xbox maana ndo nilivyozoea, lakini kidole kikifika pembeni kamera inazunguka tu haisimami, nikitoa inakufa palepale. Halafu gemu ambazo sikununua Steam haziioni padi, inasogeza mshale wa mausi basi. Imekufa au mimi ndo sielewi?

fundi_wa_Nyakato
Haijafa hiyo mkuu. Ikiwa Steam haijafunguliwa inajigeuza mausi na kibodi yenyewe, ndivyo ilivyotengenezwa. Gemu ya nje unaiongeza kwenye maktaba ya Steam, kuna sehemu ya kuongeza gemu isiyo ya Steam, ukiifungulia humo setingi zako zinafanya kazi.

Sasa hiyo ya kulenga, toa stiki weka MAUSI. Watu wengi wanaichukia hii padi kwa hilo tu, wanalazimisha trakipedi iwe stiki wakati haina springi ya kurudi katikati, kidole gumba chako kitajuaje katikati ni wapi? Ukiweka mausi unaburuza, unanyanyua, unaburuza tena. Washa na ile ya trakiboli, yani ukifyatua kidole kamera inaendelea kuserereka yenyewe mpaka uiguse tena, kwahiyo kugeuka nyuma ni mfyatuo mmoja, na ile mitetemo midogo ya trr trr unayoisikia kwenye kidole ndo inakwambia imeserereka kiasi gani. Ikiwa inapitiliza ongeza msuguano kwenye setingi.

Halafu jairo, kile kihisi cha ndani kinachojua padi ikiinamishwa, hapa ndo penyewe. Weka jairo iwe mausi ila iwake PALE TU kidole kinapogusa trakipedi ya kulia. Kidole kinakupeleka karibu na adui, zile sentimita za mwisho unamalizia kwa kuinamisha mikono kidogo. Siku za kwanza utajiona mshamba, jamaa zangu walikuwa wananicheka nainama na padi kama dereva wa daladala kwenye kona, sasa hivi hawanikaribishi kwenye mechi zao. Trigga nazo zina hatua mbili, ukibana nusu inafanya kitu kimoja ukibana mpaka iseme tak inafanya kingine, mi nusu naweka darubini na tak ndo risasi.

Binti_Kirumba
Kwa Age of Empires hiyo ndo padi yake, msikilize Fundi kwenye mausi lakini usiisahau trakipedi ya kushoto. Mimi nimeiwekea menyu ya kugusa, vinatokea vibox kwenye kona ya skrini, kila kibox ni kundi la jeshi, kidole kikipita juu ya kibox kinawaka, unabofya. Vitufe viwili vya mgongoni nimeweka Ctrl na Shift, kwahiyo kupanga majengo kwa foleni ni kubana tu. Kama unaona uvivu kutengeneza, fungua setingi za padi ndani ya Steam uone za watu wengine walizoweka, chukua moja uibadilishe unavyotaka. Faili zenyewe ndogo, bando halitalia.

Mpira usijisumbue. Mpira wa trakipedi ni mateso, wape wadogo zako padi za kawaida.

sijatuma_bado
Mi naona mnamtia hasara kijana wa watu. Hiyo padi ilitoka 2015 na Valve waliacha kuitengeneza 2019, wakati wanafunga biashara waliiuza dola 5!! kutoka karibu 50. Laki na ishirini ni nyingi mno. Kama una padi ya PS4 humo ndani, nayo ina jairo na kale katrakipedi ka katikati, Steam inaikubali na mbinu nyingi za Fundi zinafanya kazi. Tena Valve wametangaza mpya novemba 2025, ina stiki mbili na trakipedi mbili.

fundi_wa_Nyakato
@sijatuma_bado kwenye bei nakuunga mkono. Ila katrakipedi ka PS4 kako mbali na kidole, ka kubofya menyu tu, kulengea hapana. Na hiyo mpya mpaka ishuke Mwanza kwa bei ya binadamu tutakuwa tumezeeka.

Igoma, alikupa na kidude cha USB cha kupokelea? Hicho ndo cha kuangalia kabla ya hela kutoka.

Igoma_Geji
Aisee mausi na jairo ni dunia nyingine, mdogo wangu kaninyang'anya tangu mchana. Ila gemu moja maandishi yanachezacheza, mara inanionyesha bonyeza E mara bonyeza X. Kidude cha USB hakuna, natumia waya.

Binti_Kirumba
Hiyo gemu haitaki mausi na padi kwa pamoja, inachanganyikiwa. Zigeuze batani zote ziwe za kibodi, usiache hata moja ya padi, na stiki ya kushoto iwe WASD, zile herufi za kibodi za kutembelea. Itatulia.

fundi_wa_Nyakato
Kuhusu kidude, iache kwenye waya uifungulie Steam, ikidai apdeti ya ndani ya padi ikubalie, bluetooth iliongezwa 2018 kwahiyo kama haijawahi kuapdetiwa haina. Ukimaliza chomoa, weka betri mbili za AA, ishikilie Y halafu bonyeza kitufe cha Steam, itafute kwenye bluetooth ya laptopu. Na mwambie muuzaji waziwazi kwamba kidude hakipo, hilo ni la kushusha bei.

Igoma_Geji
Imeshika. Nimempigia nikamwambia elfu hamsini kasema sabini, nikamjibu kidude chake kiko wapi kakaa kimya kidogo halafu akasema njoo na hiyo hamsini.