Tupeane uzoefu: magoti yaliyosagika, unaishi nayo vipi?

Bi Ngamiani (mleta mada)
Wana Tanga hamjambo, na mlio mbali pia. Uzi huu ni wetu sisi tulioambiwa "magoti yamesagika" tukapewa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Langu ni la kulia. Kwenye tambarare natembea vizuri tu. Balaa liko kwenye kushuka ngazi na kwenye mbuzi. Nikikaa pale chini nikakuna nazi mbili, kuinuka mpaka nishike ukuta, na goti linalia hadi aliyeko uani anasikia. Asubuhi huwa limekakamaa, ila nikishawasha jiko na kuzungukazunguka linaachia. Daktari alisema hiyo ni dalili mojawapo: ukakamavu wa kusagika kwa kawaida hauzidi nusu saa. Ukichukua saa nzima na zaidi, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hapo utafutwe ule ugonjwa mwingine, wa kinga ya mwili kushambulia viungo. Dawa zake ni mbali kabisa na zetu.

Mbuzi nimemwachia mjukuu, mimi nakamua tui nikiwa kwenye kiti. Karibuni. Wauza virutubisho wapite kando, tafadhali.

Fundi Makorora
Shikamoo bi mkubwa. Mimi ni fundi tailizi, kazi ya kupiga magoti mchana kutwa, kwa hiyo sikushangaa. Nilidhani nitaambiwa nipumzike, mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akaniambia kinyume: baiskeli usiache. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa na ndilo linalosagika, halina mishipa ya damu, linalishwa na ute wa kiungo, na ute huo unaingia vizuri pale goti linapobanwa na kuachiwa. Ukikaa kitako, goti linazidi kuganda na nyama za paja zinasinyaa, halafu mzigo wote unaliangukia goti lenyewe.

Ila tandiko lipandishwe! Hapa mjini wengi tunaendesha tandiko likiwa chini, magoti yanakaribia kidevu. Pedali ikifika chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Na gunia la mkaa nyuma ndiyo basi tena.

Jioni nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mmoja mpaka ulale sawa na paja, nahesabu hadi tano, nashusha polepole. Ukizoea, funga kimfuko cha mchanga kwenye kifundo. Likiuma kidogo wakati wa zoezi, endelea. Likiuma mpaka kesho yake, umezidisha.

Mama Muheza
Jamani na bamia je? Jirani yangu analoweka usiku, anakunywa yale maji asubuhi, anasema mafuta ya goti yanarudi.

Muuguzi Mstaafu
Mama, bamia ni mboga nzuri, kula. Lakini utelezi wake unaishia tumboni, unameng'enywa kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini. Supu ya kongoro vivyo hivyo. Kama kuna kitu cha kubadili jikoni, ni maandazi na sukari ya chai: kila kilo unayopungua, goti linatuliwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Hapo ndipo faida ilipo, na haiuzwi kwenye chupa.

Na msitishwe sana na picha ya eksirei. Nimeona watu wenye picha mbaya wanapanda milima ya Lushoto, na wenye picha nzuri hawalali kwa maumivu.

Mke wa Nahodha
Mume wangu alikuwa anajinunulia diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, dukani kila mara, wala hakuna aliyemuuliza ana presha au vidonda vya tumbo. Anavyo vyote viwili. Siku moja akapata choo cheusi kama lami, tukakimbizwa hospitali: tumbo lilikuwa linavuja damu. Sasa anapaka ya jeli gotini, daktari akasema hiyo haiingii sana kwenye damu. Kwa goti inamsaidia, kwa nyonga hapana, kiungo kiko ndani mno.

Ustadh Chumbageni
Naswali kwenye kiti, sijida kwa ishara. Dini ni nyepesi. Wanaonitazama watazame.

Kijana wa Raskazone
Wakuu, mama yangu alibadilishiwa goti pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Hatukukimbilia huko, mazoezi na dawa vilishindwa kwanza. Aisee, kesho yake tu walimsimamisha! Mazoezi ya kukunja yalimliza, lakini sasa anakwenda sokoni mwenyewe. Waliomfanyia walisema wengi goti hilo linawavusha miaka 15 na zaidi. Kuchuchumaa tu ndiyo ameaga.

Bi Ngamiani
Ahsante mwanangu. Sasa choo mlifanyaje? Changu ni cha kuchuchumaa, na cha kukaa fundi ananitajia bei ya kiwanja.

Kijana wa Raskazone
Seremala, bibi. Kiti cha mbao kisicho na mgongo, miguu minne minene, tundu katikati, kinasimamishwa juu ya choo kilekile. Kimo chake apime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako, aongeze vidole vitatu. Na apigilie mpini ukutani upande wa mkono wenye nguvu. Mbao apake rangi ya mafuta, la sivyo maji yatazila.