Nilishapata nafuu, mbona wiki hii nimeanguka tena?

MamaKibirizi
Habari zenu wapendwa. Natumia dawa za sonona tangu kabla ya masika. Usingizi ulirudi, nikaanza kucheka na watu, nikarudi mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kuanika dagaa. Sasa mbalamwezi imeingia, dagaa hawavuliwi, mitumbwi imepaki, chanja tupu. Juzi nimekaa tu pale kifua kikabana, moyo mbio, vidole vinakufa ganzi, nikajua ndiyo nakata roho. Presha nimepima, iko sawa. Mume wangu anasema dawa zimeshindwa, niache. Shoga yangu anasema nimerogwa. Ndiyo nimerudi mwanzo?

MwanaUjiji
Pole dada. Hujarudi mwanzo. Ugonjwa huu unapanda na kushuka, na mimi kinachonishusha ni kukaa bure. Siku mbaya najilazimisha kutembea hadi mnara wa Livingstone na kurudi, hata miguu ikigoma. (Watalii wanadhani mimi ni mlinzi, wananiuliza kiingilio.) Furaha haitangulii, dada. Unaanza kazi ukiwa umenuna, nafuu inakukuta njiani.

NesiMwanga
Mdogo wangu, dawa usiache ghafla. Ukikatisha unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi kuzidi, halafu mseme ugonjwa umerudi. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kukolea, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Kupunguza ni kwa maelekezo ya daktari.

Hiyo ya juzi inafanana na shambulio la hofu. Mara nyingi hupanda kwa kasi kama dakika 10, kisha hushuka lenyewe. Kaa, pumua taratibu, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Ila kamweleze daktari. Na yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki: nenda hospitali siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza.

MamaKibirizi
Asanteni sana. Jumanne naenda kliniki na baba watoto, akaulize mwenyewe. Shemeji ana nyavu za kushona kipindi hiki, nitaomba anigawie upande. Ila la kurogwa hamjanijibu, na shoga ameshapata mganga, anataka kuku mweusi.

MwanaUjiji
Kuku mchinjeni, mle na ugali wa muhogo. Shoga naye mwite.