Wanawake wanafalsafa wa Ugiriki ya kale: mlango ulikuwa wazi kweli?

Wadau, kila mjadala wa hadhi ya mwanamke ukiwafikia Wagiriki wa kale, hakosi mtu wa kusema: "Mbona Aspasia, yule mwanamke aliyejadiliana na wanafalsafa wa Athens, alikuwepo? Mbona mwanafalsafa Plato alifundisha wanawake?" Yaani aliyetaka aliingia kwenye falsafa. Mimi napinga.

Tazameni walikotoka. Aspasia wa Miletus, Lasthenia wa Mantinea na Axiothea wa Phlius (wanafunzi wa Plato), Hipparchia wa Maroneia: yote hiyo ni miji ya nje ya Athens. Kati ya hao hakuna binti wa raia wa Athens hata mmoja! Binti wa raia aliishi chini ya baba, kisha mume. Kesi hakuweza kufungua mwenyewe. Tangu sheria ya Pericles, kiongozi wa Athens, ya 451 KK, mtoto hawi raia mpaka wazazi wote wawili wawe wa Athens, kwa hiyo mama huyo alichungwa kwelikweli. Aspasia mgeni alipata upenyo, lakini washairi wa vichekesho wakamtukana umalaya jukwaani. Axiothea, inasimuliwa, alihudhuria kwa Plato akiwa na mavazi ya kiume. Ya nini, kama mlango ulikuwa wazi?

Hipparchia ndiye ninayempenda zaidi. Aliacha mali ya kwao akaolewa na mwanafalsafa Crates, fukara wa kujitakia, wakawa wanaongozana hadharani. Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, anasimulia kwamba kwenye karamu Hipparchia alimwambia mwanafalsafa Theodorus: jambo ambalo Theodorus akilifanya si kosa, Hipparchia naye akilifanya si kosa, Theodorus akijipiga mwenyewe hakosei, basi Hipparchia akimpiga Theodorus hakosei. Jamaa akakosa jibu, akamvuta nguo! Kisha akamuuliza kama ndiye yule aliyetelekeza kazi ya kufuma. Hipparchia akajibu: ndiyo, kwani nimekosea kuutumia muda huo kujielimisha?

Mtasema Plato aliandika kuwa wanawake wanaofaa walinde na kutawala dola pamoja na wanaume. Sawa, lakini dola hiyo ilikuwa ya kitabuni. Aristotle, aliyekaa kwenye shule ya Plato miaka kama 20, aliandika kwamba mwanamke ana uwezo wa kutafakari ila hauna mamlaka.

Na msiniletee Hypatia, mwanamke mwanafalsafa wa baadaye sana. Huyo ni wa Alexandria, Misri, aliuawa 415 BK, na baba yake Theon alikuwa mwanahisabati. Arete wa Cyrene, mwanafalsafa mwingine, naye ni binti wa mwanafalsafa Aristippus. Asiye na baba wa namna hiyo angeingilia wapi?

Anayebisha anitajie mke wa raia wa Athens aliyefundisha falsafa hadharani enzi za Plato. Mmoja tu.