Vali ya mvuke haitulii: nirekebishe pozishona, au kasoro iko kwingine?

Fundi wa Kizota
Ndugu mafundi, habari za kazi. Katika kiwanda chetu cha kusafisha mafuta ya alizeti hapa Dodoma, vali ya mvuke wa kupashia mafuta hukwama, kisha huruka kupita inapotakiwa, na joto la mafuta hupanda na kushuka pamoja nayo. Pozishona, yaani kifaa kinachotumia hewa kuisogeza vali hadi inapoamriwa, ni ya kidijitali, inapokea ishara ya umeme ya miliampia 4 (vali imefungwa) hadi 20 (imefunguka yote). Nimeiamuru ijipime upya, lakini hali ni ileile. Je, nipunguze geini, yaani ukali wake wa kuitikia ishara?

Mhandisi, Singida
Mkuu, usiiguse geini kwanza. Kwa kawaida vali yenu hufanya kazi ikiwa wazi kiasi gani? Kama ni asilimia 40, weka kontrola ya joto (inayoituma ishara kwa pozishona) kwenye hali ya mkono, isijiendeshe, ishara ibaki miliampia 10.4, kisha uangalie shina la vali, ile fimbo inayoifungua na kuifunga. Likiendelea kucheza ilhali ishara imetulia, chunguza pozishona na hewa yake. Likitulia, ongeza ishara nusu asilimia kwa nusu asilimia uone linaitikia wapi.

Fundi wa Kizota
Ni asilimia 40 kweli, na shina lilitulia. Nilipoongeza ishara halikusogea hadi nyongeza ilipokaribia asilimia 2, ndipo likaruka ghafla.

Fundi Vyombo Mstaafu
Huo ni msuguano, na chanzo chake mara nyingi ni pakingi (kizibo kinacholizunguka shina) iliyokazwa mno na mtu aliyetaka kuzuia mvuke usivuje. Shina linapokwama, kontrola ya joto huendelea kulimbikiza kosa na kuongeza ishara, hivyo linapoachia hupitiliza. Ukipunguza geini ya pozishona, utalifanya likwame zaidi.

Funga mvuke, hakikisha shinikizo limeisha kabisa, kisha legeza nati za pakingi kidogo kidogo, pande zote kwa usawa. Ikiwa pakingi imekauka na kuwa ngumu, badilisha. Kagua pia mkono unaoipa pozishona taarifa za shina, kwa kuwa ukilegea hata kidogo pozishona itasoma mahali pasipo sahihi, na usafishe filta ya hewa, maana vumbi la kiangazi cha kwetu na maji ya kompresa huziba vitundu vidogo vya pozishona.

Baada ya hapo ndipo uiamuru ijipime tena, kwa sababu vipimo ilivyo navyo sasa ni vya pakingi iliyobana. Pandisha geini hadi shina lianze kupitiliza kidogo, kisha uirudishe chini mpaka litulie. Kontrola ya joto irekebishwe mwisho, vali ikishatii.